Gari Linaona Haya

Taa ya kwanza ilikuwa ya mkanda.

Kamtu kekundu kalijitokeza kwenye dashibodi, kamekaa kitako na duara tumboni kama kamemeza mpira, na kengele ikaanza: ting, ting, ting. Kila dereva anaijua maana yake. Abiria wa mbele hajafunga mkanda.

Fundi Nyaya akageuza shingo. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mfuko, hapakuwa na koti, na hata ile mashine yake ya kupimia magari, ambayo ilikuwa na tabia ya kulala popote kama mlevi, siku hiyo ilikuwa kwenye buti.

"We gari we," akasema, "abiria gani unayemdai mkanda? Au umeanza kuona mbili mbili?"

Kwenye kiti cha nyuma binti yake hakucheka. Alikuwa na miaka tisa na walimwita Kasuku, kwa sababu zamani aliongea tangu anapoamka mpaka anapolala, na akilala akaendelea. Sasa alikuwa na miezi saba hajatamka neno. Tangu walipomzika mama yake.

Fundi Nyaya naye alikuwa mtu wa maneno. Miaka ishirini na miwili ya kutengeneza umeme wa magari ilikuwa imempa tumbo linalomtangulia mlangoni na mdomo usiojua kupumzika. Wateja walisema ukimpelekea gari bovu utarudi na gari zima na mbavu mbovu. Alitania jeneza la baba yake mzazi, na watu wakacheka, na akasamehewa. La mkewe hakulitania. Siku ile alisimama tu, mikono imening'inia kama nyaya zilizokatwa.

Mkewe alifia ndani ya gari hili hili. Watu walimwambia aliuze chuma chakavu. Akakataa. Alilinyoosha mwenyewe, bati kwa bati, akaweka kioo kipya, usukani mpya, mabomba mapya ya breki, kila kitu. Alibakiza kimoja tu: kipande cha tepu nyeusi ya umeme, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kilichobandikwa upande wa kushoto wa dashibodi. Hicho hakukigusa.

Aliegesha pembeni, akapiga magoti kwenye changarawe, akaingiza mkono chini ya kiti. Humo kuna kidude kinachopima uzito. Mtu akikaa, kinaiarifu dashibodi. Waya ulikuwa sawa. Plagi ilikuwa imekaa. Akapandisha mkono akikandamize kiti aone kinaitikiaje, na mkono ukaganda. Sponji ilikuwa imebonyea tayari. Imebonyea mahali pawili, kama inavyobonyea chini ya mtu aliyekaa, na kitambaa kilikuwa na joto. Kisha ikamjia harufu. Mafuta ya nywele, yale ya kopo la kijani, ambayo mkewe alipaka kila asubuhi huku akimwambia, nyamaza kidogo baba, utanichekesha nipinde mistari.

Fundi mwenye akili zake angeukata ule waya. Yeye aliuvuta mkanda taratibu, akaupitisha juu ya kiti kitupu, akaufunga. Ka! Taa ikazima.

"Haya, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Twende."

Nyuma, Kasuku alikunja miguu juu ya kiti na kuikumbatia.

*

Mkewe hakuwa mtu wa magari. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka thelathini na mitano, na taa za dashibodi alizipa majina yake mwenyewe, maana alisema aliyezichora hakuwahi kuona kitu hata kimoja duniani. Taa ya oili aliiita Birika. Ya betri ikawa Redio. Ya injini, Nyambizi. Ile ya upepo wa tairi, ambayo ni kama chungu chenye alama ya mshangao ndani, ikawa Uji Unachemka. Alikuwa akipiga simu gereji: "Baba Kasuku, Birika limewaka na uji unachemka, nifanyeje?" na mafundi wote waliweka spana chini wamsikilize mume atajibu nini.

Sasa zikaanza kuja moja moja. Jumatatu Birika. Fundi Nyaya akapima oili, imejaa. Jumanne Redio. Akapima betri, nzima kama ng'ombe dume. Jumatano Nyambizi, akachomeka mashine yake, na mashine ikamjibu kwamba gari halina kasoro yoyote. Taa zilikuwa zinawaka bila ugonjwa. Mtu mwingine angeogopa. Yeye moyo ulimdunda kwa furaha mbaya, kwa sababu alihisi anapigiwa simu.

Akaanza kuzijibu. Saa kumi jioni alifunga kazi, akaingia garini, akafunga mkanda wa kiti cha pembeni kabla ya wake, akawasha. Alisimulia mambo ya siku: mteja aliyeleta gari eti linanuka, kumbe kasahau samaki kwenye buti wiki nzima. Aliposema, taa zilitikisika. Aliponyamaza, ikawaka moja, kumchokoza aendelee. Jua lilizama yeye yuko humo. Kasuku alikula peke yake, akalala na sare ya shule.

Dada mkubwa wa Fundi Nyaya, aliyehamia kwao kusaidia kulea, alikuja siku moja akagonga kioo.

"Unaongea na nani?"

"Na gari."

"Gari nalo linakujibu?"

"Kuliko wewe unavyonijibu."

Dada hakucheka. Alikuwa anatazama kioo cha upande wa abiria. Nje kulikuwa na joto la kukaanga yai juu ya boneti, na kile kioo, kile kimoja tu, kilikuwa na ukungu kwa ndani, ukungu wa duara unaokua na kusinyaa, kukua na kusinyaa, kama mtu anakipumulia.

"Toka humo," Dada akanong'ona. "Mdogo wangu, tafadhali, toka humo."

Akatoka. Lakini kesho yake akarudi. Angeachaje? Kiti kilikuwa kinazidi kubonyea, naye alisema moyoni kwamba mama ananenepa, jambo jema. Chini ya harufu ya mafuta ya nywele ilianza kuja nyingine, ya chuma kilichoungua, naye alisema moyoni kwamba hiyo ni gereji. Kuna uongo ambao mtu hujipikia mwenyewe, akajipakulia, akajisifu kwa mapishi.

Na kuna jambo moja ambalo katika mazungumzo yote yale hakuligusa, kama asivyoigusa ile tepu.

Wiki ya mwisho ya uhai wa mkewe, iliwaka taa nyekundu, duara lenye alama ya mshangao. Mafuta ya breki yanavuja. Mteja angeingia na taa ile, Fundi Nyaya angemnyang'anya ufunguo pale pale. Na fundi anayefunika taa kwa tepu badala ya kutengeneza, alikuwa akimwita muuaji mbele ya watu. Lakini hili lilikuwa gari la nyumbani, na uani kulikuwa na magari sita ya wateja yanangoja. Akakata kipande cha tepu, akabandika, ili mwanamke asihangaike hadi Jumamosi.

Mwanamke alikuwa ameshaiona.

"Baba Kasuku, na hii nyekundu unayoifunika ni ya nini?"

"Hiyo?" Akajiegemeza dirishani, tumbo mbele, wenzake wanasikiliza. "Hiyo usiijali. Gari linaona haya. Limekuona ulivyopendeza."

Alicheka mpaka akaangukia usukani, honi ikalia. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ambacho mumewe alikisikia. Alhamisi asubuhi, kwenye mteremko wa shule, alikanyaga breki na hakukuta kitu.

*

Majini ya hadithi hungoja giza. Hili halikuwa na adabu hizo. Lilikuja asubuhi, jua limechomoza, wanafunzi barabarani na mabegi mgongoni.

Fundi Nyaya alikuwa na njia yake ya kwenda shuleni, ya kuzunguka mbali, asiuone mteremko ule. Siku hiyo alikuwa anasimulia. Alikuwa anamsimulia mkewe jinsi walivyokutana, kana kwamba yeye hakuwepo, na taa zikicheza mbele yake moja baada ya nyingine, Birika, Redio, Nyambizi, Birika, akawa anazitazama hizo kuliko barabara, na alipoinua macho aliona ukuta chini kabisa ya kilima, ukuta wa zamani wenye kiraka cha matofali mapya katikati, upana wa gari moja, naye alikuwa ameshaanza kushuka. Akakanyaga breki. Pedali ikaenda mpaka chini bila kupinga, kama mguu umekanyaga maji, breki alizozifunga kwa mikono yake, na harufu ya chuma kilichoungua ikajaa mpaka macho yakamtoka machozi, na taa zote zikazima kwa pamoja, dashibodi ikawa nyeusi, tulivu, haina malalamiko yoyote, dashibodi ya gari zima kabisa, na katika utulivu ule akasikia pembeni yake pumzi, ndefu, inavutwa ndani, inavutwa bado, kama ya mtu anayejiandaa kucheka, na akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, gari likapiga mayowe, likazunguka, likasimama ubavu ukiwa shubiri moja kutoka kwenye matofali mapya.

Vumbi likatua.

"Baba."

Sauti ilikuwa imekwaruza kama mlango uliofungwa miezi saba. Hakuitambua mara moja.

"Baba," Kasuku akasema, "huyo siyo mama."

"Unasema... nani, mwanangu?"

"Huyo uliyemfunga mkanda. Mama alikuwa anacheka. Huyu anapumua tu."

*

Dada hakungoja ushauri. Mchana ule ule, gari likiwa limevutwa hadi gereji na mafundi wengine wameona vyema wakale mapema, alifika na Bibi Miwani, mganga ambaye jina lake lilitokana na miwani yenye vioo vinene kama chini ya chupa, iliyofungwa kisogoni kwa lastiki.

"Nilitegemea mganga mwenye ngozi na manyoya," Fundi Nyaya akajaribu.

"Na mimi nilitegemea fundi mwenye breki," akajibu Bibi Miwani. "Toa betri."

Akaitoa, akaiweka sakafuni. Gari lisilo na betri ni sanduku la bati. Hata hivyo kamtu kekundu kaliwaka kwenye dashibodi, na kengele ikalia, ting, ting, ting.

"Linakaa wapi?" Bibi akauliza.

"Kiti cha abiria."

"Hapo linakaa kitako. Nimekuuliza linakoishi." Kisha akaiona tepu, na yeye mwenyewe akashusha sauti. "Ahaa. Kuna nini chini ya hiki?"

Fundi Nyaya alimweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo lile kwa mdomo, na hakulipamba kwa chochote. Dada yake, aliyekuwa mlangoni kamshika Kasuku mkono, aligeukia ukutani.

Bibi Miwani alisikiliza hadi mwisho. "Haya majini ni kama panya, mwanangu. Hayatoboi nyumba nzima. Yanatafuta tundu. Palipofichwa neno, jini linaingia, linakaa na lile neno, linajifunza sauti ya mtu aliyefichwa neno hilo. Hili limejifunza karibu yote. Kicheko ndicho limekosa, na kicheko cha mkeo kinatoka kwa mzaha wako, sivyo? Litakuuliza swali. Ukilitania, litacheka. Likicheka limekamilika, na hapo litamwita mtoto, na mtoto ataitika. Sasa, kitabu cha gari kiko wapi?"

"Kitabu gani?"

"Kile kinachokuja na gari. Chenye maana za taa. We fundi au muuza nyanya?"

Fundi asome kitabu kwa shida gani? Kilikuwa kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, nacho kilikuwa kimebana tangu alipolinyoosha gari. Ilibidi aingie, apitishe mkono pale ambapo magoti yangekuwepo. Baridi ilimshika mpaka kwapani. Kitu kikamgusa ndani ya kiwiko, polepole, kama ncha ya kidole cha mtu anayeuliza njia. Akakivuta kisanduku kwa nguvu, kikafunguka, akatoka na kitabu kifuani.

"Soma taa moja moja," Bibi akasema. "Maana yake ya kweli. Kwa sauti."

Akafungua ukurasa wa taa. Na hapo akakaa juu ya betri.

Pembeni ya kila picha kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi, ule mwandiko wa duara duara wa orodha za sokoni. Birika. Redio. Nyambizi. Mwanamke yule alikuwa amekaa na kitabu hiki peke yake, taa kwa taa, bila kumwambia mtu, ajifunze ulimwengu wa mumewe.

"Birika," akasoma, na taa ikawaka. "Oili imepungua. Zima injini." Ikazima. "Redio. Betri haichaji." Ikawaka, ikazima. Ziliitika moja baada ya nyingine, na kila iliyozima, kiti kilipanda kidogo.

Ikabaki ya mwisho. Chini ya duara jekundu kitabu kilisema: *Hitilafu ya breki. Simamisha gari mahali salama. Usiendelee na safari.* Na pembeni, kwa kalamu ya risasi:

*Kitabu kinasema nisimame. Baba Kasuku anasema gari linaona haya. Baba Kasuku ndiye fundi.*

Alisoma mara tatu. Mtu mkubwa vile, mwenye tumbo vile, akatoa sauti ndogo kama ya mlango wa kabati.

"Bandua," Bibi akanong'ona.

Akaingiza ukucha chini ya tepu. Iling'oka na gundi yake ya miezi saba, na mwanga mwekundu ukamwagika chini yake, ukapaka usukani, viti, mikono yake. Kisha kutoka kiti cha abiria ikatoka ile sauti. Hata kule kupanda kidogo mwisho wa swali kulikuwepo.

"Baba Kasuku, na hii nyekundu ni ya nini?"

Mzaha ulikuja wenyewe. Ulikuwa umekaa ulimini, mtamu, umeiva. Maneno machache tu na angemsikia tena anacheka, anaangukia usukani, honi inalia. Angetoa mikono yote miwili kwa kicheko kile, na gereji, na vyote vilivyomo. Alifumbua mdomo. Na kwa pembe ya jicho akamwona Kasuku ameachia mkono wa shangazi yake, amepiga hatua moja kuelekea garini, uso umemfunguka, kwa sababu mtoto ni mtoto, na sauti ile ilikuwa ya mama.

"Ni breki," Fundi Nyaya akasema. "Ni breki, mama Kasuku. Mafuta yanavuja. Nilijua. Nilijua tangu Jumatatu, nikakutania ili watu wacheke. Kitabu kinasema kweli. Usiende. Shuka, mke wangu, shuka, nitampeleka mtoto kwa miguu."

Pumzi ikakatika katikati. Mkanda ukafyatuka, ukarudi kwenye nguzo yake na kugonga. Sponji ikainuka polepole, shimo moja kisha la pili. Mlango wa abiria ukafunguka, ukafungwa taratibu kabisa, kwa adabu. Mkewe alikuwa akiubamiza kila siku mpaka mafundi wakashtuka.

Taa nyekundu ikazima.

Bibi Miwani alifuta vioo vyake. Fundi Nyaya alimfuata hadi getini.

"Bibi. Hata kidogo hakuwa yeye? Hata ile harufu?"

"Harufu ulikuwa nayo wewe. Lilikuibia."

"Na siku ile ya mke wangu, kwenye mteremko..." Akashika geti. "Labda lilikuwepo tangu hapo. Labda ndilo lililozimaliza breki."

Mwanamke mzee aliivaa tena miwani yake.

"Jini halikubandika tepu, mwanangu," akasema, na akaondoka.

*

Siku hizi Fundi Nyaya na Kasuku wanakwenda shule kwa miguu, na Kasuku anaongea njia nzima, kwa sauti ya kukwaruza. Jumamosi anakaa kwenye kiti cha dereva cha gari lililoegeshwa, kitabu magotini, baba yake amesimama dirishani. Betri imerudishwa. Anazungusha ufunguo kidogo, taa zote zinawaka kwa pamoja zijipime, kisha zinazima moja moja, naye anazitaja zikiondoka, jina la mama kwanza, maana yake baadaye. Akifika kwenye nyekundu anasema "simama" tu. Baba yake ameacha mizaha yote inayohusu taa.

Mtoto akishaingia ndani kula, yeye hubaki. Huzunguka, hufungua mlango wa abiria, hupiga magoti. Huweka kiganja juu ya kiti kitupu, baridi, na kukandamiza kwa nguvu, kwa uzito wake wote, mpaka kamtu kekundu kawake na kengele ianze. Ting, ting. Mtu yupo. Mtu hajafunga mkanda. Husikiliza hivyo, macho kafumba, mpaka mkono ufe ganzi. Kisha huuondoa, na taa huzima hapo hapo.

Jumamosi iliyopita aliuondoa mkono, akasimama, akajipangusa magoti, akafunga mlango.

Taa ilichelewa kuzima.